KAMPALA: KIANGAZI KIKIINGIA MOSHI HULALA MABONDENI



Safari hii tunawatazama jirani zetu wa Uganda. Kampala ni mji wa vilima, na wafanyakazi wengi wanaishi mabondeni, kama vile Bwaise. Moshi wa magari, wa mkaa na wa takataka zinazochomwa hutoka mwaka mzima, lakini haudhuru sawasawa kila mwezi.

Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, huosha hewa na kulaza vumbi. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, na cha Juni hadi Agosti, barabara za udongo hutimua vumbi na hewa huchafuka zaidi.

Saa nazo zina tofauti. Usiku ardhi hupoa. Hewa baridi hubaki chini, na yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi hukwama bondeni mpaka jua lipande. Na ni nani aliye njiani saa kumi na mbili asubuhi? Ni mfanyakazi wa zamu ya kwanza, anayekwenda kwa miguu.

Haya si ya kukisia. Tangu mwaka 2015, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipimo vya hewa mjini, vingine juu ya bodaboda. Vinapima chembe zisizozidi maikromita 2.5, ambazo hupenya ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kampala hupita kiwango hicho mara kadhaa.

Tumewasikia waajiri wakisema, "Hiyo ni hali ya hewa, tufanyeje?" Jua halichomi takataka. Tena kiangazi kina miezi yake, hakimshtukizi mtu. Uganda inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi.

Nasi, viwandani na mashambani, tuyadai haya kabla ya kiangazi: uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, takataka na mabua yasichomwe, kazi nzito za nje zisianze kabla jua halijapanda, barakoa za kuchuja vumbi zitolewe bure, maana kitambaa hakizuii chembe hizo vya kutosha.

Wajumbe wa matawi wayalete mkutanoni, yaandikwe katika mapatano.