Biti imevunjikia ndani ya skrubu? Weka drili chini kwanza

Chukulia una kibanda cha kurekebisha simu pale Ganze, Kaunti ya Kilifi. Mama mmoja amekuja kwa boda kutoka upande wa Bamba na simu isiyoshika chaji. Humo ndani mna laini yake ya M-Pesa, picha za wajukuu na hesabu ya michango ya chama, maana yeye ndiye mweka hazina. Umemwambia asubiri nusu saa. Skrubu ya tatu inakataa kulegea. Unakaza mkono, unasikia "tak!", na ncha ya bisibisi inabaki imekwama ndani ya kichwa cha skrubu.

Jasho linakutoka. Mama anakutazama.

Sasa sikiza. Simu nyingi haziharibiki hapo. Zinaharibika katika zile dakika tano zinazofuata, fundi anapopaniki na kushika chombo cha kwanza kilicho karibu. Mara nyingi chombo hicho ni drili.

Kwa nini drili itakuangusha

Biti ya bisibisi hutengenezwa kwa chuma kilichochomwa kisha kikapozwa ili kiwe kigumu. Ugumu huo una bei yake: chuma kigumu hakipindi, hukatika. Kipande kilichobaki ni kigumu kuliko skrubu yenyewe, na huenda kikawa kigumu sawa na biti ya drili yako. Ukikitoboa, drili haiingii. Inateleza pembeni, inachimba bodi, na unga wa chuma unamwagika kwenye saketi na kuleta shoti. Ikigusa betri ya lithiamu, una moshi na moto mezani.

Kwa hivyo zima simu. Kama betri inafikika, ichomoe. Vaa miwani, kwa sababu kipande kama hicho kikiruka kinatafuta jicho.

Anza na skrubu zingine

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huruka. Fungua skrubu zote zilizobaki. Kibati kikishikwa na skrubu moja tu, mara nyingi unaweza kukizungusha kidogo pembeni au kukiinua upande mmoja. Hapo unapata nafasi ya kufikia ubavu wa kichwa cha skrubu. Pengine huna haja ya kukitoa kile kipande kabisa.

Lengo lako ni kutoa skrubu. Skrubu ni ya bei rahisi na biti imeshakufa. Kitu cha kulindwa ni bodi ya simu ya mama.

Kipande kikichomoza hata kidogo, kishike kwa koleo ndogo yenye ncha nyembamba, ubonyeze, kisha zungusha kushoto taratibu. Kama kimekwama sawasawa, kitatoka pamoja na skrubu yake. Kipande kilichokuwa kikikusumbua sasa ni mpini.

Kikiwa kimezama

Kumbuka kilivyokwama: ulikuwa unazungusha kushoto ili ufungue, ndipo kikajikaza. Basi kilegeze kuelekea kulia. Weka ncha ya sindano kwenye ukingo wa kipande na uisukume kidogo upande wa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Usitumie nguvu. Kikianza kucheza, umeshinda nusu ya vita.

Sasa kitoe kwa sumaku. Huna sumaku ndogo? Chukua sindano, isugue mara kadhaa kwa upande mmoja kwenye sumaku ya spika iliyokufa, nayo itavuta. Au geuza simu kichwa chini na uigonge polepole kwa kidole.

Kikikataa, tumia supaglu, lakini tone dogo kama kichwa cha pini. Lipake kwenye ncha ya kijiti cha meno, si kwenye skrubu. Gusisha kipande peke yake, ngoja gundi ikauke kabisa, kisha vuta moja kwa moja juu. Gundi ikimwagika kwenye kichwa cha skrubu, umejiongezea kazi.

Kama skrubu ilikataa tangu mwanzo, huenda kiwandani ilipakwa gundi ya kuzuia isilegee. Gundi hiyo hulainika kwa joto. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde chache, mbali na betri na kioo, halafu jaribu tena.

Mafundi wa saa wana ujanja wa zamani: skrubu ya chuma ikikatikia ndani ya shaba nyeupe au njano, huichemsha kwenye maji ya shabu, ile ile ya kinyozi. Shabu hula chuma na kuiacha shaba. Ni kitu kizuri kujua, lakini usikijaribu kwa simu. Maji hayo yangeiharibu simu.

Biti sahihi ndiyo dawa

Msalaba wa Phillips, uliopata hataza Marekani mwaka 1936, una saizi nyingi, na ncha iliyo ndogo kuliko tundu hujipinda pembeni na kukatika. Apple nao waliweka skrubu ya nyota ya ncha tano kwenye iPhone 4. Usilazimishe biti nyingine humo. Ikiingia na kucheza, si saizi yake. Bonyeza chini kwa nguvu zaidi ya unavyozungusha, na ukihisi biti inajipinda, simama.

Sasa mwambie mama

Hili hakuna bisibisi ya kulifanya. Kabla hujajaribu njia ya pili, sema: "Mama, ncha ya bisibisi imevunjikia ndani. Simu yako bado ni nzima. Nikishindwa nitakuambia kabla sijakata kitu."

Huenda akakujibu: "Sawa mwanangu, lakini kwanza nipe laini yangu."

Mpe, bila kinyongo. Laini hiyo ikiingia kwenye simu ya jirani, M-Pesa yake inaenda naye. Siku yake haijasimama, na wewe umepata muda wa kufanya kazi bila kutetemeka.

Na ukifika mwisho wa uwezo wako, mwelekeze kwa fundi wa Kilifi mjini mwenye darubini na vifaa vya kusagia. Simu iliyofika kwake ikiwa na skrubu moja iliyokwama bado inaponyeka. Iliyofika na tundu la drili kwenye bodi, huenda isipone. Ganze ni padogo, na mama huyu anajua watu wote wa chama chake. Wao ndio wateja wako wa mwezi ujao.