Mtetemo wa Wazee na Protini ya Ubongo

Aghalabu hapa Mtoni, mzee anapotetemeka mkono ilhali ameuweka gotini pasi na kazi yoyote, akaburura miguu na uso wake ukakosa bashasha, aila yake husema ni uzee, na majirani hunong'ona habari za kurogwa. Nayo ni maradhi ya ubongo, yaitwayo ya Parkinson, aliyoyaeleza tabibu James Parkinson wa London tangu mwaka 1817.

Seli za ubongo hupelekeana risala, na pale seli moja inapokaribiana na ya pili, mahali paitwapo sinapsi, pana upenyo mwembamba mno ambao risala kwa kawaida haiuvuki ila kwa kemikali zilizohifadhiwa katika vifuko vidogo kwenye ncha ya neva. Miongoni mwa protini zinazohudumia vifuko hivyo ni alfa-sinukleini, ambayo jeni yake, SNCA, imo katika kromosomu ya 4. Sinukleini ya kwanza ilibainishwa mwaka 1988 katika samaki atoaye umeme, jamaa ya hawa taa tuwaonao sokoni Feri.

Mwaka 1997 ilidhihirika, katika aila moja ya Kitaliani na tatu za Kiyunani, kwamba badiliko dogo kabisa la jeni hiyo latosha kurithisha maradhi hayo. Linalonistaajabisha zaidi ni la mwaka 2003: aila ya Marekani ambayo jeni yao haikuharibika, bali ilijirudufu hata wagonjwa wakawa na nakala nne badala ya mbili, protini ile ile yenye manufaa ikazidi kiasi, ikagandamana, na seli zitoazo dopamini, kemikali inayoratibu mwendo, zikafa. Wagonjwa walio wengi hawakurithi kasoro hiyo, lakini mabonge ya protini hiyo hiyo huonekana katika bongo zao.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliotangazwa mwaka 2008, katika watu zaidi ya 160,000, ulipata wagonjwa 33 wa maradhi haya, na walio wengi hawakuwa wamepata kutambuliwa wala kutibiwa. Jambo hili lanisikitisha, maadamu dawa ipo: levodopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini, na ambayo kwa tabia ya maumbile imo hata katika mbegu za upupu, ingawa haifai mtu kujitibu kwazo, kwani kadiri yake haipimiki nyumbani. Dawa hii haiponyi, wala haizuii protini kugandamana. Lakini mzee aliyeshindwa kufunga vifungo vya kanzu yake huweza kuvifunga tena kwa dawa hiyo, ambayo huanzishwa na kurekebishwa na daktari baada ya kumpima mgonjwa.