Manahodha Wawili Bila Chombo Kwenda Mrama

Katika somo moja la mnyambuliko wa vitenzi niliwataka wanafunzi wangu watunge sentensi kwa kutumia kitenzi "shirikishwa". Kijana mmoja, mwana wa mvuvi kutoka pwani yetu ya kusini, akasimama na kunena: "Wavuvi wa kijijini kwetu walishirikishwa baada ya uamuzi kukatwa." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, sentensi hii ni sahihi?"

Nilimjibu kwamba kisarufi haina dosari, kisha nikaendelea na somo. Lakini swali lile halikuniacha. Leo ningependa kulileta mbele yenu, walimu wenzangu na wanafunzi, kwa kuwa jibu nililolitoa siku ile lilikuwa nusu ya jibu.

Hebu tukitazame kitenzi chenyewe. Mzizi wake ni "shiriki". Tukikinyambua katika kauli ya kusababisha tunapata "shirikisha", na tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata "shirikishwa". Anayeshirikishwa, basi, hatendi, hutendwa. Nyuma yake yupo mwingine mwenye shughuli, mwenye ajenda na mwenye kalamu, ambaye kwa hisani yake amemwita aje kuketi. Hali ni tofauti kabisa katika "shirikiana". Hapo hakuna mwalikwa wala mwalishi. Kila mmoja ni mtenda na mtendewa kwa wakati ule ule. Yamkini msomaji atasema kwamba hizi ni chembechembe za wanaisimu. La hasha. Tofauti hii ndogo ya viambishi imeamua hatima ya bahari nzima katika nchi za watu, na sioni kwa nini isiamue hatima ya bahari yetu.

Nitatoa mfano kutoka mbali. Katika pwani ya magharibi ya Kanada, mkabala na jimbo la British Columbia, kuna funguvisiwa lenye visiwa zaidi ya 150 liitwalo Haida Gwaii, yaani visiwa vya watu wa Haida. Wahaida wamekaa humo kwa maelfu ya miaka, wakiishi kwa samaki, chaza na mwani. Walipofika wafanyabiashara wa ngozi kutoka Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 18, fisi-maji wa baharini waliwindwa hata wakatoweka. Baadaye ikaja ndui, ambayo katika karne ya 19 iliwafyeka Wahaida kutoka maelfu mengi hadi wakabaki chini ya 600. Hata jina la visiwa vyao lilichukuliwa: katika ramani viliitwa kwa jina la malkia wa Uingereza hadi mwaka 2010, serikali ya jimbo iliporudisha rasmi jina la wenyeji.

Mwaka 1985 Wahaida walifunga barabara ya wakata magogo katika kisiwa cha Lyell. Watu 72 walitiwa mbaroni, na miongoni mwa waliotangulia kukamatwa walikuwa wazee waliovaa mavazi yao ya heshima. Ukataji wa magogo katika sehemu ile ya kusini ulikoma miaka miwili baadaye. Likazuka swali gumu zaidi: je, eneo hilo, liitwalo Gwaii Haanas, ni la nani? Serikali ya Kanada ilishikilia kuwa ni mali ya Taji. Wahaida walishikilia kuwa ni urithi wao, ambao hawakuwahi kuuuza wala kuutoa kwa mkataba wowote.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Mkataba uliotiwa saini mwaka 1993 haukujaribu kulimaliza swali hilo. Uliyaandika madai ya pande zote mbili sambamba katika waraka mmoja: upande huu kauli ya Wahaida, upande huu kauli ya Kanada. Kisha pande zote zikasema kwa pamoja kwamba, ijapokuwa hatukubaliani juu ya mwenye mali, tunakubaliana kwamba mali hii lazima itunzwe. Ikaundwa bodi ya usimamizi ambayo leo ina wajumbe watatu wa Wahaida na watatu wa serikali. Bodi hiyo huamua kwa maafikiano, na inaposhindwa kuafikiana, jambo husimamishwa na kupelekwa juu, kwa baraza la taifa la Haida na kwa serikali ya Kanada.

Mwaka 2010 mkataba wa pili uliingiza bahari katika utaratibu huo, kiasi cha kilomita 3,400 za mraba, hata ikasemwa kwamba eneo hilo linalindwa kutoka vilele vya milima hadi sakafu ya bahari. Mpango wa usimamizi uliotolewa mwaka 2018 una jina la Kihaida, na misingi yake imetolewa katika lugha hiyo. Wa kwanza ni "yahguudang", heshima kwa viumbe vyote. Mwingine ni usawa, unaofafanuliwa kwa kauli ya wazee kwamba dunia ni kali kama makali ya kisu, na anayetembea bila uangalifu ataanguka. Kihaida ni lugha pweke, isiyothibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, na wanaoizungumza kama lugha ya mama hawazidi makumi machache. Hata hivyo lugha hiyo iliyo ukingoni mwa kaburi ndiyo iliyoipa serikali kubwa msamiati wa kuitunza bahari. Kwa mpango huo, takriban asilimia 40 ya sehemu ya bahari iliwekwa chini ya ulinzi mkali, ambapo uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi.

Wahenga wetu walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mpinzani wa ushirikiano wa aina hii aghalabu huanzia hapo. Anauliza: bahari ikiwa na mabwana wawili, ni nani atakayeamua dhoruba ikija? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Ni kweli kwamba mvutano haukwisha Haida Gwaii. Mwaka 2015 Wahaida walilazimika kwenda mahakamani kuzuia uvuvi wa kibiashara wa heringi ambao waziri wa serikali alikuwa ameuruhusu, nao walishikilia kuwa samaki hao hawajarudi kwa wingi wa kutosha. Mahakama ilitoa amri ya kuusimamisha. Lakini tazama jinsi mvutano ule ulivyokwisha. Haukwisha kwa nyavu kuchomwa wala kwa wenyeji kuvua usiku kwa kujificha. Ulikwisha mbele ya jaji, na utaratibu wa usimamizi wa pamoja ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapima. Mrama hauletwi na idadi ya manahodha. Huletwa na kutojulikana nani ameshika usukani, na kwa masharti gani.

Utaratibu huo umeenea. Mwezi wa Februari mwaka 2023 mataifa 15 ya wenyeji wa pwani hiyo, pamoja na serikali ya Kanada na ya jimbo, yaliidhinisha mpango wa mtandao wa maeneo ya bahari yenye kulindwa, katika bahari yenye ukubwa wa takriban kilomita 100,000 za mraba. Mwezi wa Juni 2024 zikatangazwa dola milioni 335 za Kanada za kuutekeleza, zilizotoka serikalini na kwa wafadhili.

Turejee nyumbani. Kenya haikuchelewa kulinda bahari. Hifadhi za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika. Kilichochelewa ni kumtambua mvuvi. Mwaka 1995 hifadhi ya Diani-Chale ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Wavuvi waliipinga, na kwa miaka mingi ikabaki hifadhi ya makaratasi. Linganisha na Kuruwitu, kule Kilifi, ambako mnamo mwaka 2005 wanakijiji wenyewe, walipoona samaki wamepungua, walitenga hekta 30 hivi za bahari yao na kupiga marufuku uvuvi humo. Mahali hapo wakapaita tengefu, kivumishi chetu kilichotokana na kitenzi "tenga", na neno hilo limeingia katika msamiati wa wataalamu. Kanuni za mwaka 2007 zikavipa nguvu ya kisheria vikundi vya usimamizi wa fuo, na Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kikaitaka dola ihimize umma kuhusika katika kuyatunza mazingira na ilinde maarifa ya wenyeji.

Sheria, basi, tunayo. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaitekeleza katika kauli ya kutendwa. Mpango huandikwa mjini, kwa Kiingereza, kisha huletwa pwani katika mkutano wa siku moja, wavuvi wakatia saini karatasi ya mahudhurio na kupewa nauli. Hapo ndipo wanapokuwa "wameshirikishwa". Hakuna aliyewauliza kaskazi na kusi hubadilisha vipi makazi ya samaki, wala ni mwamba gani huzaliwa pweza, wala kwa nini siku za bamvua haziwi sawa na siku za maji mafu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sisemi kwamba kila mwenyeji ni mtunzaji. Juya, wavu unaokokota wadogo kwa wakubwa, huvutwa na wenyeji pia. Wala si rahisi kwetu kusema ni nani mwenyeji, maana kila kaskazi huja wavuvi kutoka Pemba ambao baba zao na babu zao walikuja vivyo hivyo. Wahaida ni taifa moja katika visiwa vyao. Pwani yetu ni ya Mdigo, Mgiriama, Mbajuni, Mvumba na wageni waliogeuka wenyeji. Hatuwezi kuunakili mkataba wao neno kwa neno. Tunachoweza kuiga ni ule ujasiri wa kuandika madai ya pande mbili katika waraka mmoja, katika lugha ambayo kila upande unaielewa, na kugawana kura sawa kwa sawa.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi yao humu. Kila shule iliyo karibu na bahari inaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee, wakaandike majina ya miamba, ya pepo, ya mitego na ya samaki wa kila msimu. Kazi hiyo itawafunza isimu kuliko mihadhara yangu. Na siku maafisa watakapokuja na ramani yenye nambari tupu, kijiji kitakuwa na ramani yake yenye majina. Mwenye ramani yake haalikwi tu, hukaa mezani.

Nikikutana tena na kijana yule nitamwambia kwamba jibu langu lilipungua. Sentensi yake ilikuwa sahihi, na huo ndio msiba wake. Nitamwomba aitunge upya katika kauli ya kutendana, kisha nimwombe radhi kwa kuendelea na somo.