Katibu wa mbali: anajibu simu, lakini feza inabaki kwa mama



Nani kati yetu hajapoteza mnunuzi kwa sababu ya simu? Uko sokoni Nyawera, mikono miwili imeshika kitenge, na mtu aliye mbele yako anaomba umpunguzie bei. Ndani ya mfuko simu inalia. Labda ni mtu wa Nguba, labda ni mtu wa Kamembe ng'ambo ya Ruzizi, labda ni ndugu aliye Ubelgiji anayetaka kumnunulia mama yake kitenge cha sikukuu. Hujibu. Jioni unafika nyumbani, umeme umekatika, simu imezimika. Kesho yake unamwandikia, «Jambo, bado unataka?» Naye anajibu kwamba amekwisha nunua kwa mwingine.

Mama mmoja wa muungano wetu, muuza vitenge, aliishi hivyo kwa muda mrefu. Leo ana mtu wa kumjibia. Mtu huyo haketi naye sokoni. Ni binti wa mama mwingine wa kwetu, aliyemaliza masomo ya biashara kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili akitafuta kazi. Anatumikia akiwa kwao Panzi, na simu moja na kaye moja. Anawatumikia wamama watatu: huyo wa vitenge, mwingine anayepika keki za harusi huko Nguba, na mshonaji mmoja wa Ndendere. Tunamwita katibu wa mbali. Wote wanne wametupa ruhusa ya kusimulia habari zao bila kutaja majina.

Tunaandika juu yao kwa sababu wengi wametuuliza: je, kazi hii ni ya kweli? Na je, mtu anaweza kumpa mwingine simu yake ya biashara bila kuibiwa?

Kazi tunayoijua tayari

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Ni nani ambaye hajaingia katika sekretaria publike ya hapa mjini ili aandikiwe barua, apigiwe chapa faktura, au afanyiwe fotokopi? Tunaleta maneno yetu, mwenye kujua mashini anayaweka vizuri, tunalipa, tunaondoka. Katibu wa mbali anafanya jambo linalofanana na hilo, ila habadili mtu kila saa. Anakaa na mama yule yule mwezi kwa mwezi, anajua bidhaa zake, anajua wanunuzi wake, na anajua ni nani mwenye deni.

Siku ya binti huyu inaanza saa moja asubuhi. Kila mama anamtumia sauti fupi kwenye WhatsApp: vitu gani vipo, vipi vimekwisha, bei ya leo ni gani kwa dola na kwa franka. Hawaandiki, wanasema tu, kwa sababu mama mwenye mzigo kichwani hana nafasi ya kuandika. Yeye anayaandika katika kaye yake. Kisha anafungua ujumbe wa usiku na kujibu mmoja mmoja.

Wamama wote watatu wanatumia WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018. Ndani yake kuna nafasi ya kupanga picha za bidhaa pamoja na bei, majibu yaliyoandikwa mbele ya wakati, na alama za kutenga wanunuzi. Binti ameweka alama nne: mpya, anangoja kulipa, amelipa, amepata mzigo wake. Saa sita anamtumia kila mama sauti moja yenye maagizo yote, ili mama asisumbuliwe mara ishirini. Jioni anarudia hesabu ya siku, na mama anasema ndiyo au hapana.

Tena anaangalia saa. Mama wa keki ana wanunuzi walio Kinshasa wanaowalipia ndugu zao wa hapa. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo anayeahidi «saa nne» bila kusema ni ya wapi anaweza kuleta ugomvi.

Siku ya ugomvi

Tusidanganyane, haikuwa laini tangu mwanzo. Katika mwezi wa pili, mama wa vitenge alipokea mzigo mpya uliomgharimu zaidi, akapandisha bei. Siku hiyo hakutuma sauti ya asubuhi. Binti alijibu wanunuzi kwa bei ya jana. Jamaa moja iliyokuwa ikitayarisha harusi iliagiza vipande kumi na viwili, ikaambiwa ndiyo, ikashuka Nyawera na feza iliyohesabiwa vizuri. Mama akawatajia bei nyingine. Mkawa makelele mbele ya soko lote. Mama aliuza kwa bei ya zamani huku akilia moyoni, na jioni alimpigia binti simu kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Neno hilo lilifika katika mkutano wetu wa siku ya posho. Tuliwasikiliza wote wawili. Binti alisema, «Mama, mimi siko sokoni. Macho yangu ni yale unayoniambia.» Mama alinyamaza kidogo, kisha akajibu, «Mwanangu, na wewe ungeniuliza. Vipande kumi na viwili si kitu cha kusema ndiyo peke yako.»

Tuliona kwamba kila mmoja alisema kweli. Hasara ya bei ilibaki kwa mama, kwa sababu yeye ndiye hakutoa habari. Binti aliomba radhi, kwa sababu alikubali agizo kubwa bila kuuliza. Wakaandika mambo mawili katika kaye. La kwanza: siku ambayo sauti ya asubuhi haikufika, binti hamtajii mtu bei, anajibu tu, «Tunahakikisha, tutakujulisha.» La pili: agizo lolote la kupita vipande vitatu lazima mama mwenyewe aseme ndiyo. Tangu hapo hatujasikia kelele nyingine kati yao.

Ufunguo gani unatoa, upi unaficha

Hapa ndipo wengi wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Tangu benki za mji wetu zilipofunga milango katika Februari 2025, simu imekuwa kwa wengi wetu duka na sanduku la feza kwa pamoja. Lakini duka na sanduku vina funguo mbili, na unaweza kutoa moja tu.

Kwanza, tenga namba ya biashara na namba ya nyumbani. Simu moja yenye kadi mbili inaweza kubeba WhatsApp ya kawaida kwa namba moja na WhatsApp Business kwa namba nyingine. Bila kutenga, katibu ataona hata maneno yako na mume wako na dada zako.

Pili, usimpe simu yako wala usimtumie namba za siri. Mwunganishe. Katika WhatsApp kuna mahali pa vifaa vilivyounganishwa. Mama anafungua hapo, wanaketi pamoja mara moja tu, na kifaa cha binti kinaingia katika akaunti ile ya biashara. Akaunti moja inaweza kubeba vifaa vinne hivyo zaidi ya simu yenyewe. Vifaa hivyo vinaendelea kufanya kazi hata simu ya mama ikizimika kwa kukosa umeme, mradi tu mama aifungue WhatsApp yake mara kwa mara. Simu kubwa isipotumiwa kwa siku 14, vifaa vingine vinatolewa. Na siku mnapoachana, mama anabonyeza mahali palepale, na kifaa kile kinatoka.

Tatu, namba ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money au ya Orange Money haimhusu katibu kamwe, hata akiwa mtoto wa tumbo lako. Mnunuzi analipa moja kwa moja kwenye namba ya mama. Binti anapokea tu habari kwamba mtu amelipa. Tena picha ya malipo haitoshi, kwa sababu picha inaweza kutengenezwa. Mzigo hauondoki mpaka mama ameangalia salio katika simu yake mwenyewe.

Nne, mtu akikuomba namba zile sita ambazo WhatsApp inatuma kwa ujumbe, huyo ni mwizi, hata kama anajiita katibu wako, mchungaji wako au mtoto wa ndugu yako. Kwa namba hizo anaweza kuhamisha akaunti yako yote kwenye simu yake. Weka pia ile namba ya siri ya pili ambayo programu yenyewe inakuomba uchague.

Katibu naye ana deni la kutunza siri. Namba za wanunuzi wa mama wa keki haziwezi kuuzwa wala kupewa mpishi mwingine. Hilo si adabu peke yake. Nchi yetu ina Kodi ya mambo ya kidijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu inayolinda habari za watu binafsi.

Kaye inayomtetea mama

Mama mshonaji alituambia jambo lililotushangaza. Alimchukua binti kwa ajili ya kujibu ujumbe, lakini aliyoyapenda zaidi ni hesabu. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba nguo za wanafunzi, alizozidharau, zilimletea faida kuliko suti za harusi ambazo watu wanakopa na kusahau.

Congo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya biashara inamtaka hata mfanyabiashara mdogo aliyejitangaza kisheria aandike siku kwa siku feza iliyoingia na iliyotoka, akitenga malipo ya mkononi na malipo mengine, na kuitunza kaye hiyo kwa miaka 5 angalau. Wengi wetu hatujafika hapo. Lakini mwenye kaye ana la kuonyesha anapoomba mkopo katika MUSO au AVEC, na ana la kujibu mtu anapodai kwamba alilipa ambapo hakulipa.

Malipo si zawadi

Sasa tuseme neno gumu. Mmoja wa wamama hawa mwanzoni alimlipa binti kwa sabuni na chakula, na siku nyingine kwa «Mungu atakubariki». Hakuwa na roho mbaya. Alimwona kama mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani anasaidia tu. Lakini mega za intaneti zinanunuliwa kwa feza, na kuchaji simu kwa jirani mwenye jua kunalipiwa.

Tulimwomba binti aandike muda wake kwa juma moja. Kwa mama wa vitenge peke yake ilikuwa saa moja na nusu kwa siku, siku sita. Ni saa 9 kwa juma, saa 36 kwa majuma manne. Mama alipoona 36 hakubisha tena. Walipatana mshahara wa mwezi, nusu mwanzoni na nusu mwishoni, mega zikiwa juu ya mama. Walipatana pia saa za kazi: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na siku ya Mungu simu inalala.

Saa hizo zilimsaidia binti nyumbani kwao pia. Baba yake alikuwa amekwisha kukasirika. Aliona binti yake anashika simu mchana kutwa, anacheka na sauti za watu asiowajua, na akawaza mabaya. Majirani nao walikuwa wakisema. Jioni moja binti aliweka kaye mezani na kumsomea baba yake kila agizo, jina la mama aliyemtuma, na feza aliyolipwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kesho yake alimtengenezea meza ndogo karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao unashika vizuri.

Mama unayetaka kuanza

Usianze na mambo yote. Anza na juma moja la kujaribu, na kazi moja tu: kujibu ujumbe. Andikeni kwenye karatasi bei, saa, mshahara, na agizo kubwa linaanzia wapi. Msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Kila siku ya posho hesabuni pamoja, uso kwa uso, kwa dakika kumi.

Nanyi mabinti wetu mlio na masomo lakini hamna kazi, msisubiri ofisi kubwa peke yake. Tazameni mama aliye karibu nanyi anayepoteza wanunuzi kwa kukosa nafasi ya kujibu. Mwulizeni kwa heshima.

Katika mkutano ujao binti huyu na mama wa vitenge watatuonyesha namna ya kuunganisha kifaa cha pili bila kutoa simu. Kila mmoja aje na simu yake, iliyojaa moto, na swali lake. Mkae na amani.