Kabla ya Lipu

Ukuta ukishapigwa lipu na kupakwa rangi, nyumba mbovu na nyumba nzima hufanana. Msingi umefukiwa, nondo hazionekani, zege la linta limefichwa. Mwenye nyumba hukagua yale yaliyobaki: mlango unafunga, kona imenyooka, sakafu inang'aa. Karibu maovu yote ya ujenzi hufanyika katika saa chache kabla ya kitu kufunikwa. Ndiyo maana sisi wa fani hii tunayahesabu maadili kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Yana vipimo vyake, na mtu anaweza kufundishwa.

Kwenye ghuba ya Kiswere, kati ya Kilwa Masoko na Lindi, adui wa kwanza wa jengo ni chumvi. Upepo huibeba kutoka baharini, kisima kilicho karibu na ufuko huwa nayo, na mchanga wa pwani, ambao unapatikana hatua chache tu na bila malipo, umejaa chumvi hiyohiyo. Haiangushi nyumba siku ya kwanza. Hupenya taratibu kwenye zege mpaka ikafika kwenye chuma, kutu ikaanza, na kutu huvimba: inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Zege hupasuka kutokea ndani, likabanduka vipande, nondo zikachungulia nje. Wakati huo imeshapita miaka, fundi yuko mkoa mwingine, na lawama inatupiwa bahari.

Bahari haina kosa. Fundi anayejua kazi yake huonja maji kabla ya kuchanganya zege lenye nondo. Yakiwa na chumvi anayakataa. Mchanga anaagiza wa mtoni, hata kama gari litaongeza gharama, na yuko radhi kumweleza mwenye nyumba kwa nini. Kisha huhakikisha nondo imekaa mbali na uso wa zege. Karibu na bahari wahandisi hutaka zege la milimita 40 hadi 50 kati ya nondo na hewa. Kinachoshika nafasi hiyo ni biskuti, vile vipande vidogo vya saruji na mchanga vinavyofungwa kwenye nondo. Bei yake ni ndogo mno, ila lazima vimwagwe siku kadhaa mapema ili vikomae. Asiyekuwa navyo huinua nondo kwa kokoto, na zege likishashindiliwa, nondo inalala chini kabisa. Mara nyingi mtu huyu hakukusudia kumwibia yeyote. Hakujipanga tu. Tunapenda kutenganisha wizi na uzembe, lakini linta haitenganishi.

Tuje kwenye saruji. Inayofika huku hutoka kiwanda cha Mtwara au Dar es Salaam, na kila kituo cha njiani huongeza bei. Mfuko unavyopanda thamani ndivyo kishawishi kinavyokua, maana mfuko mmoja uliobaki unauzika jioni hiyohiyo. Wenye nyumba hujihami kwa kuhesabu mifuko mitupu. Ni ulinzi dhaifu. Mifuko mitupu inaweza kuletwa kutoka kwingine, tena hesabu yake haisemi lolote kuhusu kilichochanganywa. Afadhali sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 33 kila upande. Ujazo wake unakaribia ule wa mfuko mmoja wa kilo 50, takriban lita 35. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne, mfuko mmoja unakwenda na masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Hata mtoto aliyesimama pembeni anaweza kuhesabu. Koleo haliwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana, mikono ikiwa imechoka, si kipimo kimoja.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Zege la majimaji humwagika kwa urahisi, vibarua hulipenda, na maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ambavyo chumvi itavitumia kama mlango. Na baada ya kumwaga, zege linataka kumwagiliwa si chini ya siku 7. Hapa pana pengo ambalo mikataba yetu ya mdomo hailigusi: fundi amelipwa kwa kumwaga, kesho yuko kwenye nyumba nyingine, na mwenye nyumba anadhani kumwagilia ni kazi ya fundi. Linta inabaki juani bila mwenyewe.

Nondo nazo zipimwe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na takriban kilo 10.7. Kwenye kijiji cha wavuvi mizani ya samaki haikosekani. Itundike nondo hapo, ujue kama duka limekuuzia ulichokilipia.

Watu wa huku hupenda kuwatolea mafundi wa leo mfano wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuonyesha kwamba wazee hawakulipua kazi. Ni kweli kwa nusu. Wazee walijenga kwa matumbawe, chokaa ya kuchoma na boriti, bila nondo, kwa hiyo chumvi haikupata chuma cha kula. Lakini upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uliofanywa karne ya 14, ukiwa na nguzo za tumbawe zima, uliporomoka. Karne ya 15 ulijengwa upya kwa nguzo za pembe nane, zilizojengwa kwa mawe madogo na chokaa, na hizo ndizo tunazoziona leo. Mafundi wale walikosea, wakabadili mbinu.

Magofu hayohayo yanafundisha upande wa pili. Mtu mwaminifu kabisa akiziba ufa wa gofu kwa saruji, anaharibu: saruji ni ngumu kuliko tumbawe na hufungia unyevu ndani, mpaka jiwe lenyewe linaanza kumomonyoka. Ndiyo maana wahifadhi hurudi kwenye chokaa. Nia njema haikumsaidia aliyekosa ujuzi. Kwa fundi aliyejifunzia kazini, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ningependa mafundi wengi wa pwani hii waupitie, hasa kwa kuwa mapungufu yao huonekana hapo kabla hayajamfikia mteja.

Siku hizi wengi wanaojenga Kiswere wanaishi mjini na kutuma hela kwa simu. Waandikiane na fundi jambo moja: hakuna kinachofunikwa kabla ya kupigwa picha, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha. Msingi, nondo za linta, ringi za nguzo. Sehemu ya malipo ibaki hadi siku 7 za kumwagilia ziishe, na siku ya nane itumwe yote, bila fundi kupiga simu mara tatu. Fundi aliyedhulumiwa baki lake kwenye nyumba yako atalifidia kwenye saruji ya jirani yako.