Oili Haina Kosa, Kosa ni Mafuta ya Taa

Halipiti juma pasi na mtu kunisimamisha, awe dereva wa teksi, mwalimu mwenye Corolla yake kuukuu au kijana wa bodaboda, akaniuliza swali lile lile: injini iliyozoea oili ya kawaida ikitiwa sintetiki, haitakufa? Na ikishatiwa sintetiki, si itakuwa haramu kuirejesha kwenye ya kawaida? Jawabu langu ni fupi. Haitakufa, na kurejea ni ruhusa wakati wowote upendao. Lakini maadamu wengi hulisikia jawabu hilo, wakaitikia kwa heshima, kisha wakaenda moja kwa moja kulifanya lile nililowakataza, imenilazimu kuandika.

Itikadi kwamba oili hizo mbili ni mahasimu, na kwamba zikikutana hugandamana na kuziba njia za injini, haina msingi wowote. Sehemu kubwa ya oili iuzwayo kwa jina la sintetiki hutokana na mafuta ghafi yale yale ya ardhini, yaliyosafishwa kwa hidrojeni katika joto kali na shinikizo kubwa. Na mwaka 1999, kampuni ya Mobil ilipoilalamikia Castrol mbele ya baraza la Marekani lisimamialo ukweli wa matangazo ya biashara, baraza liliamua kwamba mafuta ya namna hiyo yana haki ya kuitwa sintetiki. Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo alama yake ya API imo juu ya makopo mengi, hushurutisha kwamba oili ibebayo alama hiyo ichanganyike na nyinginezo bila kujitenga. Na mwenye shaka na aitazame rafu ya duka lolote la vipuri: ile semi-sintetiki, inunuliwayo bila hofu yoyote, ni hizo hizo mbili zilizochanganywa kiwandani.

Kuhusu uvujaji, ni kweli kwamba baadhi ya sintetiki za miaka ya 1970 zilizidhuru sili za mpira za zama zile. Watengenezaji walilirekebisha jambo hilo zamani. Injini kongwe ikianza kuvuja leo baada ya kutiwa sintetiki, sili yake ilikuwa imekwisha kukauka, na kilichokuwa kikiuzuia uvujaji ni tope tu.

Walakini hayo si makubwa. Yaniumizayo ni yale yanayofanyika gereji kwa jina la kuiandaa injini. Fundi humwambia mteja kwamba kabla ya kubadili aina ya oili ni lazima injini “ioshwe”. Basi humwaga oili ya zamani, akatia mafuta ya taa au dizeli, akaiwasha injini na kuiacha iungurume, kisha akafungua nati ya sampu, kikatoka kimiminika cheusi tititi, na mteja akaridhika kwamba fedha yake imefanya kazi. Weusi ule si dalili ya tiba. Oili njema hugeuka nyeusi kwa sababu imebeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi iliyotiwa kuifanya.

Beringi za krankishafti hazikuumbwa kugusana na chuma. Zimetenganishwa nacho na utando mwembamba wa oili, na utando huo hutegemea mnato. Oili ya daraja la 30, katika joto la nyuzi 100, haipaswi kuwa na mnato chini ya sentistoki 9.3; dizeli, hata katika nyuzi 40 tu, aghalabu haifiki 4.5, na mafuta ya taa ni mepesi zaidi. Fauka ya hayo, tope lililotulia miaka mingi hubanduka kwa mapande, likaenda kukaa juu ya chujio la pampu. Na mabaki ya mafuta ya taa, ambayo hayamwagiki yote, huichujua ile oili mpya ya bei ghali. Nimefungua sampu ya gari lililoletwa likigonga, taa nyekundu ya oili ikiwaka, nikakuta chujio limefunikwa gamba jeusi na beringi zimelika hadi shaba yake inaonekana. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kwamba injini yake “imeikataa sintetiki”. Hivyo ndivyo uzushi huu unavyojilisha wenyewe: mafuta ya taa huua, na lawama huipata oili.

Ukitaka kubadili, basi: ipashe injini moto, mwaga, weka filta mpya, tia namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari, iwe 5W-30 au nyingineyo. Kama kitabu kinataka sintetiki, hasa kwa injini ya tabo, usishuke. Injini ilayo oili, itie ya kawaida na usipoteze fedha. Oili ikipungua safarini, ongeza yoyote yenye namba na daraja lile lile, kwani kukauka ndiko kubaya. Pikipiki ambayo klachi yake huogelea katika oili yataka alama ya JASO MA. Injini yenye tope, fupisha muda wa kumwaga mara mbili tatu, oili yenyewe itasafisha polepole. Wala usiongeze kilometa kwa sababu tu umeweka sintetiki, kama kitabu hakikusema.

Na fundi akikujia na dumu la mafuta ya taa, funga boneti, mlipe alichostahili, uondoke na gari lako.