Hema la Bedui na Reli ya Doha

Mwaka 2019 nchi ya Qatar ilifungua reli ya mjini Doha. Wasanifu waliyachora mapaa ya vituo vyake kwa mfano wa hema la Mabedui, na uso wa treni kwa mfano wa farasi wa Kiarabu. Mfano huo si pambo tu. Jangwani hema ni kivuli, na mgeni hukaribishwa humo bila kuulizwa cheo. Hata hivyo, nauli ya daraja la kawaida ni riali 2, na ya daraja la dhahabu riali 10. Je, hema hugawa wageni hivyo? Askari ajua kwamba nembo kofiani huambatana na wajibu. Mji uazimao mila na uazime pia wajibu wake.